Gia ya Meno 24

Mwenye kinu cha kusaga mahindi akivunjikiwa na gia hatafuti kiwanda, anatafuta fundi. Anaifunga gia iliyong'oka meno kwenye gazeti, anapanda bodaboda, anateremka mbele ya karakana yenye shafti kuukuu zilizoegemezwa ukutani na sakafu iliyokolea mafuta. Anataka gia moja. Anaitaka leo, kwa sababu nyumbani ameacha foleni ya ndoo na magunia.

Fundi anaipokea, anahesabu meno yaliyosalia pamoja na mapengo: 24. Anapima kipenyo kwa vernia, anakereza kipande cha chuma cha pua hadi kifikie kipimo hicho, kisha anakihamishia kwenye mashine ya kuchonga, ile ambayo mafundi wengi huiita milingi, na kukibana kwenye kigawanyio. Kuanzia hapo kazi inadai utulivu. Ndani ya kigawanyio mna uwiano wa 40 kwa 1: mpini ukizungushwa mara 40, gia inazunguka mara moja. Kwa meno 24, kila jino linahitaji mzunguko mmoja na theluthi mbili. Theluthi mbili haikadiriwi kwa jicho. Kwa hiyo fundi anafunga sahani yenye duara la matundu 18, na baada ya kila jino anazungusha mpini mzunguko mmoja kamili, kisha anausogeza matundu 12 zaidi. Anachomeka pini. Anakata. Anarudisha meza. Mzunguko mmoja, matundu 12. Anafanya hivyo mara 24.

Juu ya sahani hiyo kuna vibanzi viwili vya chuma vinavyoonyesha matundu 12 yanaishia wapi, ili asihesabu upya kila mara. Lakini kibanzi kikisogezwa kwa bahati mbaya, au simu ikiita akiwa kwenye jino la 19, tundu moja likirukwa, basi chuma chote kinaenda kwenye pipa la skrepa na saa mbili za kazi zinaondoka nacho. Mteja bado amekaa nje kwenye benchi.

Karakana ya namna hii haiuzi gia. Inauza uwezo wa kutengeneza kitu chochote kile alichokuja nacho mtu, kipande kimoja au vipande hamsini, kwa mchoro au kwa sampuli iliyovunjika. Zipo Gerezani jijini Dar es Salaam, zipo Gikomba jijini Nairobi, na zipo kwa maelfu Marekani, Ujerumani na Japani. Popote zilipo, zinabanwa na hesabu moja: muda wa kutayarisha kazi unaweza kuzidi muda wa kukata. Kiwanda kinachotoa gia elfu kumi zinazofanana kinaugawa muda huo kwa elfu kumi. Fundi wa oda anaugawa kwa moja. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi mashine zinazojiendesha zilikuwa mali ya viwanda vikubwa, na fundi wa oda akabaki na mpini wake na matundu 18.

Aliyeibadilisha hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa alikuwa mwenye karakana ya oda mwenyewe.

Gene Haas alizaliwa mwaka 1952 Youngstown, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Mwaka 1975 alihitimu chuo kikuu Northridge, California, na shahada yake ilihusu uhasibu na fedha. Uhandisi hakuusomea darasani. Mwaka 1978 alifungua karakana ndogo iliyochonga vipuri vya kampuni za elektroniki na za ndege, ambazo California kusini ilikuwa imejaa. Humo alikutana na kero ambayo fundi wa gia angeitambua mara moja: kipande kikishachongwa upande mmoja, lazima mtu akigeuze kwa mkono, akipime, akibane tena, ndipo upande wa pili uchongwe. Mashine inasimama ikimsubiri binadamu ahesabu.

Haas aliunda kigawanyio chenye mota na ubongo wake. Fundi anaandika nyuzi anazotaka, kifaa kinajizungusha hadi hapo na kujifunga. Kwa gia ya meno 24 ni nyuzi 15, rudia mara 24. Sahani ya matundu haina kazi tena. Mwaka 1983 alianzisha kampuni, Haas Automation, kwa ajili ya kutengeneza na kuuza kifaa hicho kimoja, na wateja wake wa kwanza walikuwa wenye karakana kama yeye.

Miaka mitano baadaye, 1988, kampuni hiyo ilipeleka mashine nzima kwenye maonyesho makubwa ya mashine za viwandani jijini Chicago. Ilikuwa mashine ya kuchonga ya wima inayoongozwa na kompyuta. Jina lake lilikuwa VF-1: V ya wima kwa Kiingereza, na F-1 kwa maana ya ya kwanza kabisa. Kilichosimamisha watu kilikuwa bei: dola 49,900. Ni fedha nyingi, lakini ni fedha ambazo mwenye karakana ya watu watatu angeweza kuzijadili na benki akaeleweka. Wapenzi wa mbio za Formula One wamekutana na herufi hizo bila kujua zilikotoka. Timu ya Haas ilipoingia mbioni mwaka 2016, gari lake la kwanza liliitwa VF-16.

Ili kuelewa kwa nini dola 49,900 ziliwashangaza watu, inabidi kurudi nyuma kidogo, na kurudi huko kunapitia tena kwenye kigawanyio. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Marekani, kiwanda cha bunduki cha Providence kilihitaji kekee za chuma zenye mfereji wa kujisokota, na mifereji hiyo ilikuwa ikikwanguliwa kwa tupa, moja moja, kwa mkono. Joseph Brown wa kampuni ya Brown & Sharpe akabuni mashine ya kuchonga ambayo meza yake inasogea huku kigawanyio kikizungusha kazi kwa wakati mmoja. Mfereji wa kujisokota ukawa kazi ya kawaida. Mwaka 1938 mji wa Bridgeport, Connecticut, ukatoa mashine ya wima nyepesi yenye kichwa kinachoinamishwa kila upande. Mashine hiyo, ikiitwa kwa jina la mji wake, ilienea duniani kiasi kwamba hadi leo karakana nyingi hupima milingi yoyote ya mkono kwa kuilinganisha na Bridgeport.

Zote hizo zilimtegemea mtu mwenye mikono miwili na macho mawili. Tatizo likaja pale umbo lilipokataa kufuatwa kwa mikono miwili.

John Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta za Sikorsky miaka ya 1940. Panga la helikopta lina mbinuko unaobadilika kila sentimita, na kiolezo cha kuupimia kilichorwa kwa kupinda ubao mwembamba kupitia nukta chache zilizojulikana. Parsons na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashine za kadi za IBM kukokotoa nukta 200 za mbinuko uleule. Kisha wakamweka fundi mmoja kwenye mpini wa upande huu na mwingine kwenye mpini wa upande ule, na mtu wa tatu akiwasomea namba kutoka kwenye orodha: sogea hapa, shuka hapa, toboa. Nukta 200, kisha tupa ikalainisha yaliyobaki. Wazo lililofuata lilijileta lenyewe. Ikiwa mafundi hao wanafuata namba tu, mota nazo zinaweza kuzifuata.

Jeshi la anga la Marekani lilitoa fedha mwaka 1949, na kazi ya kuunda mtambo ikaangukia maabara ya chuo cha MIT. Septemba 1952 MIT ilionyesha mashine ya Cincinnati iliyokuwa ikisogeza sehemu zake pande tatu kwa kusoma matundu kwenye utepe wa karatasi. Matundu tena, safari hii yakisomwa na mashine. Kabati za vali na swichi za kuiongoza zilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Mwaka 1959, watafiti wa chuo hicho walipotangaza lugha ya kompyuta ya kuandikia maagizo ya kuchonga, waandishi wa habari walipewa vibia vya majivu ya sigara vya alumini vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Kibia cha sigara kilichogharimiwa na jeshi la anga: mtu yeyote aliyekishika aliona umbo ambalo mkono usingelifuata.

Kwa miaka 20 iliyofuata teknolojia hii ilikaa kwenye viwanda vya ndege na vya magari. Kilichoiteremsha hadi mitaani ni kuporomoka kwa bei ya kompyuta baada ya chipu ya kwanza ya kichakataji kuuzwa mwaka 1971. Kampuni ya Fanuc ya Japani ikaibuka kuwa muuzaji mkubwa wa ubongo wa mashine hizi. Haas, kwa upande wake, aliamua kutengeneza ubongo wa mashine zake mwenyewe badala ya kuununua, na uamuzi huo ulichangia sana kushusha bei.

Ndugu mdogo wa VF-1 ndiye anayestahili kuangaliwa kwa karibu hapa, kwa sababu ndiye anayepita kwenye mlango wa karakana ya kawaida. Haas wanamwita Mini Mill. Uzito wake ni kama tani moja na nusu, sawa na gari dogo. Meza yake ina urefu wa milimita 914 na upana wa 305. Inasogea milimita 406 kushoto na kulia, 305 mbele na nyuma, na kichwa chenye jino la kukatia kinapanda na kushuka milimita 254. Mota ya kuzungusha jino ina nguvu ya kilowati 5.6 na kikomo chake ni mizunguko 6,000 kwa dakika. Meno 10 ya kukatia yanakaa kwenye sahani inayozunguka pembeni, na mashine inajibadilishia yenyewe. Jambo moja linampa faraja mwenye karakana ya mtaani: inaweza kuendeshwa kwa umeme wa fezi moja wa volti 240, ilimradi nyaya ni nene na kompresa ya hewa ipo karibu. Mtaa ambao shirika la umeme halijaufikishia fezi tatu haujafungiwa nje.

Namba hizo zinaonekana ndogo. Hazina unyonge. Udogo katika kuchonga chuma una faida ambayo fizikia imeuwekea.

Chukua rula ya plastiki, uiegemeze ukingoni mwa meza, uibonyeze ncha. Ichomoze nje mara mbili zaidi, uibonyeze kwa nguvu ileile. Haijipindi mara mbili, inajipinda mara nane, kwa sababu kujipinda kunakua kwa mchemraba wa urefu. Mashine ya wima ina umbo la herufi C: nguzo nyuma, kichwa juu, meza chini, na jino la kukatia katikati likijaribu kuitanua C hiyo kila linapouma chuma. C fupi inajipinda kidogo. Hii ndiyo sababu mwili wake umetengenezwa kwa chuma cha kusubu, kizito na chenye tabia ya kumeza mtetemo. Na ndiyo sababu fundi anayejua kazi hufunga jino lake lichomoze kwa ufupi iwezekanavyo. Anayeacha jino la milimita 10 likining'inia sentimita 6 wakati 3 zingetosha amejitafutia ukelele, mikwaruzo, na jino lililokatika.

Jino lenyewe hukaa kwenye kishikio chenye umbo la koni. Koni hiyo hupungua kipenyo milimita 7 kwa kila milimita 24 za urefu, mteremko uliochaguliwa kwa makusudi. Koni nyembamba za zamani hujing'ang'ania zenyewe na kutoka kwa kugongwa nyundo. Hii haijing'ang'anii. Inashikwa na springi zenye nguvu zinazoivuta kutoka juu, na hewa ya kompresa ikizibana springi hizo, kishikio kinaachia papo hapo. Bila mteremko huo mashine isingeweza kubadilisha jino bila msaada wa mtu.

Chini ya meza ndipo palipo tofauti kubwa kuliko zote na milingi ya mkono, ingawa haionekani mpaka vifuniko vifunguliwe. Skrubu ya kawaida ina nafasi ndogo kati ya uzi wake na nati. Ukizungusha mpini kulia kisha ukarudi kushoto, mpini unazunguka kidogo kabla meza haijaanza kusogea. Kila fundi wa mkono anaijua ile "pleyi" na hujifunza kuizoea: husogea kila mara akitokea upande uleule. Kompyuta haiwezi kuchonga duara kwa skrubu ya namna hiyo, kwa sababu duara lina mahali panne ambapo mwendo unageuka, na kila mahali pangebaki alama. Skrubu za mashine zinazoongozwa na kompyuta, yaani CNC, zimejazwa gololi zinazobingirika kati ya uzi na nati, zikibanwa kiasi kwamba nafasi haipo. Kwa kuwa gololi zinabingirika badala ya kusuguana, takriban asilimia 90 ya nguvu ya mota inafika kwenye meza.

Lakini chuma ni chuma. Skrubu ya nusu mita ikipata joto la nyuzi 10 zaidi ya asubuhi, inarefuka karibu milimita 0.06, kama unene wa unywele. Kwa mabano ya geti haina maana. Kwa kitako cha beringi ni tofauti kati ya beringi inayoingia kwa mkono na inayocheza. Kwa hiyo karakana zenye nidhamu huiacha mashine ijizungushe bila kukata kwa dakika kadhaa kila asubuhi, kama dereva wa lori la zamani anavyoacha injini ipate moto.

Wapo waliosema mashine hizi zingeua ufundi. Ukimwangalia anayeitumia, unaona ufundi umehama. Umetoka kwenye mpini umekwenda kwenye maandalizi, na maandalizi yamekuwa mazito kuliko zamani, kwa sababu mkono ukikosea unasita, lakini mashine ikikosea haisiti.

Kwanza kuna kasi. Kanuni yake kila fundi wa CNC anaijua kwa moyo: kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa kipenyo cha jino na kwa 3.14. Jino la milimita 10 la chuma cha kasi, likikata chuma laini cha pua kwa mita 25 kwa dakika, linataka mizunguko kama 800. Jino la kabaidi la kipenyo hichohicho likikata alumini kwa mita 180 linataka mizunguko 5,730, karibu na kikomo cha Mini Mill. Jino hilohilo la alumini lenye makali matatu, kila kali likinyofoa milimita 0.05, linasogea milimita 860 kwa dakika. Fundi aliyezipata namba hizi sawasawa anazisikia kabla hajaziona: mlio unakuwa mmoja, mzito, usio na mikwaruzo, na maranda ya chuma yanaruka kama mvua ya mawe yakiondoka na joto, badala ya kuliacha kwenye jino.

Pili kuna kushika. Kipande lazima kikae kwenye jiliwa kisitikisike, lakini kisibanwe hadi kikajipinda, maana kikiachiwa kitarudi kwenye umbo lake na uso uliokuwa bapa utakuwa na tumbo. Hakuna kompyuta inayomwambia fundi akaze kiasi gani. Mkono wake ndio unaojua.

Tatu kuna sifuri, na hii ndiyo kazi ya kupendeza kuliko zote kuitazama. Mashine inajua ilipo yenyewe, haijui chuma kilipo. Fundi anafunga kitafuta ukingo: pini ya vipande viwili vinavyoshikwa na springi ndani, kipande cha chini kikiwa huru kuteleza pembeni. Anakizungusha mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Kipande cha chini kinayumbayumba kama mlevi. Anakisogeza taratibu kuelekea ukingo wa chuma. Kikigusa, yumbo linapungua. Anasogeza sehemu ya mia ya milimita, linapungua tena. Linafika mahali pini yote inaonekana imetulia, imenyooka, kana kwamba imesimama. Anasogeza sehemu nyingine ya mia ya milimita, na ghafla kipande cha chini kinaruka pembeni. Hapo ndipo ukingo ulipo, ukiongeza nusu ya kipenyo cha pini. Ikiwa pini ni ya milimita 10, fundi anaongeza 5 na kuiambia mashine: hapa ni sifuri. Wasio na pini hutumia karatasi ya kawaida ya kuchapia, yenye unene wa takriban milimita 0.1. Huitelezesha kati ya jino lililosimama na chuma huku wakisogea kidogo kidogo, mpaka karatasi ikwame.

Mwisho ndipo panapokuja maandishi. Yanaonekana kama siri lakini ni sentensi fupi za amri. G00 ni nenda haraka. G01 ni nenda ukikata, kwa mstari ulionyooka. G02 na G03 ni zungusha, mmoja kwa mwelekeo wa saa na mwingine kinyume chake. M06 badilisha jino, M08 fungua maji ya kupozea, M30 umemaliza. Mstari kama G01 X50.0 Y20.0 F300 unasema: kata kuelekea mahali hapo kwa milimita 300 kwa dakika. Nukta iliyo kwenye 50.0 si pambo. Kwenye mitambo mingi, X50 bila nukta inasomwa kuwa sehemu 50 za elfu za milimita, yaani sehemu ya 20 ya milimita moja. Nukta moja inatenganisha sentimita tano na unene wa unywele.

Afrika Mashariki ilifika kwenye namba hizi kwa njia yake, na ilipitia kwenye gari. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari ya majaribio matano yaliundwa, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Uzalishaji wa wingi haukufanyika. Lakini anayetaka kuunda injini anagundua upesi kwamba kabla ya gari anahitaji mashine za kuchonga vipuri vya gari, na ujuzi huo ulibaki. Mwaka 1994 likazaliwa shirika la Numerical Machining Complex jijini Nairobi, na "kuchonga kwa namba" kumeandikwa ndani ya jina lenyewe. Tanzania nayo ilikuwa imejenga kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kwa lengo la juu zaidi: kutengeneza mashine zenyewe za kukereza, kuchonga na kutoboa. Yote mawili yalikuwa mawazo ya taifa, yenye ukubwa wa taifa. Mashine ya tani moja na nusu inalishusha wazo hilo hadi kwa mwenye karakana mmoja mmoja. Huyo hahitaji kujenga kiwanda cha magari. Anahitaji kujua kama wateja wa gia, bushi, mabano ya pampu na vitako vya beringi wanaokuja kwake kwa mwezi wanatosha kulipa mkopo.

Hata cherehani imo kwenye hadithi hii. Jina la Brother, ambalo akina mama wengi wanalijua kwenye vyerehani, lipo pia kwenye mashine ndogo za kuchonga na kutoboa zinazotengenezwa na kampuni hiyohiyo ya Nagoya, Japani, tangu miaka ya 1980. Kampuni iliyozoea sindano inayopanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika bila kukosa mahali pake haikuwa mgeni kabisa kwa kekee inayofanya vivyo hivyo kwenye alumini.

Chukua sasa karakana yenye mashine ya namna hii, na binti aliyetoka chuo cha ufundi miezi sita iliyopita. Kazi ni mabano sita ya pampu, alumini. Maandishi yamekwisha kupakiwa, sifuri imepatikana, mlango wa kioo umefungwa. Fundi mkuu amesimama nyuma yake.

"Fundi, nianze?"

"Anza. Mstari mmoja mmoja. Mwendo asilimia tano."

Anabonyeza. Meza inasogea, inasimama chini ya jino namba 3. Anabonyeza tena, kichwa kinaanza kushuka polepole. Jicho lake moja liko kwenye jino, jingine kwenye skrini, kwenye namba ndogo inayosema umbali uliobaki. Namba inashuka: 60, 50, 40. Anabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Mbona umesimama?"

"Fundi, inasema imebaki 40. Lakini pale hata kiberiti kikisimama kwa ubavu hakiingii."

Fundi anainama, anatazama kupitia kioo. Kati ya ncha ya jino na alumini panaweza kupita kiberiti kilicholazwa, basi. Kama kitufe kisingebonyezwa, jino lingeteremka sentimita mbili na zaidi ndani ya chuma bila mwendo wa kukata.

Wanafungua orodha ya urefu wa meno. Urefu wa jino namba 3 umeandikwa kwenye mstari wa namba 4. Binti anaita jino upya, anaweka karatasi juu ya alumini, anashusha kichwa kwa gurudumu la mkono, sehemu ya mia ya milimita kwa mbofyo, akiitelezesha karatasi kwa vidole viwili. Mbofyo. Mbofyo. Karatasi inakwama. Anaandika urefu, anatoa 0.1, anausoma kwa sauti, na fundi anaurudia. Safari hii namba kwenye skrini na nafasi kwenye kioo vinakwenda pamoja hadi chini. Anapandisha mwendo hadi asilimia 25, kisha 100. Maji ya kupozea, meupe kama maziwa, yanapiga kioo kwa ndani, na jino halionekani tena. Linasikika tu.